John Allen, fundi wa reli ndogo aliyetuachia fumbo juu ya ubao

Mtu aliyekulia Mji wa Kale, Mombasa, hahitaji kuelezwa shida ya mkokoteni uliokutana na mkokoteni mwenziwe katikati ya kichochoro. Mmoja umejaa magunia, wa pili umebeba mapipa ya maji, ukuta huku na ukuta huku, na nyuma ya kila mmoja watu wamekwisha kusimama wakipiga kelele. Hapo hapana wa kupita mpaka mmoja akubali kurudi nyuma, aingize mkokoteni wake katika kijia kisichotokea, mwenziwe apite, ndipo naye atoke tena aendelee na safari yake. Na ikiwa mikokoteni ni mitatu, basi mambo huwa mengine kabisa. Lazima apatikane mtu mwenye akili tulivu asimame kando, apange nani aanze na nani amalizie.

Shida hiyo hiyo ndiyo iwakabiliyo watu wa reli kila siku wanapopanga mabehewa, kazi ambayo wenyewe huiita shanti. Tena wao wana taabu zaidi, kwani mkokoteni ukikwama vijana wanne huweza kuuinua wakaugeuza, lakini behewa haliinuliki, wala haliwezi kuiacha njia yake ya chuma likapita pembeni.

Leo nataka kuwahadithia habari za mtu mmoja wa Marekani aliyelichukua tatizo hili kubwa, akalipunguza mpaka likaenea juu ya ubao mmoja, akaligeuza kuwa mchezo. Jina lake John Whitby Allen. Amekufa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na huku kwetu wamjuao ni wachache. Lakini kwa watu wanaotengeneza reli za mfano, yaani zile reli ndogo za nyumbani, jina lake ni kama jina la Muyaka kwa watunzi wa Mombasa. Hata asiyempenda hana budi kumtaja.

Najua wako watakaoniuliza mshairi ana habari gani na vigari vya watoto. Nawaomba wasubiri kidogo.

John Allen alizaliwa tarehe 2 Julai 1913 katika mji wa Joplin, jimbo la Missouri. Utotoni alipatwa na homa ya baridi yabisi, maradhi ambayo mara nyingi humpona mtu viungo yakamwachia dosari moyoni. Naye ndivyo yalivyomwachia. Tangu hapo aliishi na moyo dhaifu, na atakayesoma maisha yake na aliweke neno hilo akilini, maana mwisho wa habari ni moyo huo huo.

Alipokuwa mtu mzima alijifunza kupiga picha, akaifanya ndiyo kazi yake huko Los Angeles. Alikuwa pia mtu wa hesabu katika mambo ya fedha. Alichokipata alikiwekeza vizuri, na kufikia mwaka 1946, umri wake ukiwa miaka thelathini na kitu tu, aliweza kuiacha kazi ya kila siku na kuhamia Monterey, mji wa pwani ya California. Wakati huo Monterey ulikuwa mji wa wavuvi na wa viwanda vya kutia dagaa mikebeni, na katika miaka iliyofuata dagaa walipungua baharini, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kimoja. Katika mji huo, mtu asiyekuwa na bosi wala saa ya kuingia kazini alikaa nyumbani kwake akaanza kujenga reli.

Reli yake ya kwanza ilikuwa ndogo. Ilikuwa meza isiyofika futi nne kwa upana wala futi saba kwa urefu. Kipimo chake ni kile ambacho mafundi wa kazi hii hukiita HO, ambapo kila kitu hufanywa sehemu moja ya themanini na saba ya kitu chenyewe. Behewa la mizigo la Kimarekani la futi arubaini, kwa kipimo hicho, huwa na urefu wa sentimita kumi na nne hivi. Mtu hulishika kwa vidole viwili.

Aliipa reli hiyo jina la Gorre & Daphetid. Ukiyasoma majina hayo kwa macho utadhani ni miji miwili ya watu waungwana. Lakini ukiyatamka kwa ulimi wa Kiingereza utasikia kitu kingine: mmoja katapakaa damu na mwenziwe kashindwa vita. Ni mafumbo ya aina ambayo sisi watu wa mashairi tunayajua sana, maneno yenye uso mmoja kwa msomaji na uso wa pili kwa msikilizaji. Mtu huyu alikuwa na mzaha, na mzaha wake alikuwa akiufanya kwa uso mkavu.

Baada ya miaka michache alipata nyumba yenye chumba kikubwa chini yake, na katika miaka ya mwanzo ya hamsini akaanza kujenga ile reli ambayo ndiyo iliyomtangaza duniani. Ile meza ndogo ya kwanza hakuitupa. Aliiingiza ndani ya reli kubwa, ikawa sehemu yake, kama nyumba ya babu inavyobaki katikati baada ya wajukuu kuongeza vyumba. Milima yake ilianza sakafuni ikapanda mpaka karibu na dari. Kulikuwa na madaraja marefu juu ya mabonde, na mji wa bandari uitwao Port, wenye gati na vyombo vya baharini. Pale nafasi ilipomwishia aliweka vioo vya kujitazamia, akavificha ustadi hivi kwamba njia moja ilionekana mbili na bonde likaonekana halina mwisho.

Kabla yake wengi waliotengeneza reli ndogo walipenda kila kitu king'ae kama kilichotoka dukani. Yeye alifanya kinyume. Alipaka mabehewa yake kutu na vumbi, akayachubua rangi, akayatia madoa ya masizi, kwa kuwa behewa la kweli likikaa juani na mvuani ndivyo linavyokuwa. Jicho la mpiga picha lilimsaidia hapo. Naye alijua kuzipiga picha kazi zake kwa kuufanya mdogo sana mwanya wa lenzi, ili kilicho karibu na kilicho mbali vyote vionekane wazi, na mtu akiitazama picha asijue kama anaangalia mlima au plasta. Picha hizo zilichapwa katika magazeti ya kazi hiyo, na kampuni ya Varney, iliyokuwa ikiuza vifaa vya reli ndogo, ilizitumia katika matangazo yake.

Na katika reli hiyo alikuwamo Emma. Sitaki kumpita Emma. Kila mahali penye shanti huwekwa injini ndogo ya kusukuma na kuvuta mabehewa kituoni, na Bwana Allen, katika mzaha wake, alimpa kazi hiyo mnyama wa kale, mmoja wa wale walioangamia kabla binadamu hajakuwapo, mwenye mabamba yaliyosimama mgongoni kama misumeno. Alimpa namba ya kazi kama injini nyingine, nayo ni kumi na tatu, namba ambayo Wazungu huiogopa. Mgeni anatazama kituo ambacho kila taruma na kila msumari uko mahali pake, mara anaona mnyama huyo anakokota behewa la mizigo, wala hapana anayemwonea ajabu.

Lakini mtu asidhani ilikuwa reli ya kutazamwa tu. Marafiki zake walikuwa wakikusanyika nyumbani kwake kuiendesha kwa ratiba, kwa saa iliyofanywa iende mbio ili siku nzima ya reli iishe katika muda wa jioni moja. Kila mtu alikuwa na treni yake, na kila behewa lilikuwa na mahali pa kupelekwa. Nadhani huko ndiko Bwana Allen alikoona jambo ambalo wengine walilipita. Treni inayozunguka milima hupendeza macho, lakini baada ya mizunguko mitatu mtu amekwisha kuiona. Mtu aliyepewa behewa na kuambiwa alitie nyuma ya ghala fulani, na mbele yake limesimama behewa jingine lisilotakiwa kuondoka, huyo hatatazama saa tena.

Basi katika toleo la Novemba 1972 la gazeti la Model Railroader alichapisha ramani ya mchezo aliouita Timesaver, yaani kiokoa wakati. Haina mlima wala daraja, na wala haihitaji kioo. Ni ubao mwembamba wenye reli juu yake.

Msomaji mwenye kalamu na achore nami. Piga mstari mmoja mrefu. Katikati yake toa mstari wa pili ubavuni, uondoke kwenye ule wa kwanza na kurudi huko huko mbele, kama maji yanavyozunguka kisiwa yakakutana. Hiyo ni njia ya mzunguko. Kila mahali njia inapogawanyika mbili, watu wa reli hupaita pointi, na mpaka sasa umekwisha kutumia pointi mbili. Bwana Allen alijiwekea tano, kwa hiyo zimebaki tatu. Kila moja ya hizo tatu huzaa kijia kisichotokea. Ukivijumlisha vijia hivyo na ncha mbili za mstari wako mrefu, utapata miisho mitano, yote vipofu. Na vijia hivyo havielekei upande mmoja. Viko vielekeavyo kushoto na viko vielekeavyo kulia, na hapo ndipo alipotega mtego.

Maana injini ni kama punda aliyefungwa mbele ya gari. Ikiwa inalivuta behewa nyuma yake, inaweza kurudi nyuma na kulisukumiza katika kijia kinachofunguka kwa upande huo. Lakini kijia kikifunguka kwa upande wa pili, injini itaingia yenyewe kwanza, na behewa litabaki nje. Lazima basi behewa liachwe katika njia ya mzunguko, injini izunguke kwa ubavu wa pili, ije ilishike kutoka nyuma, ndipo ilisukume. Kwa behewa moja ni kazi nyepesi. Kwa mabehewa matano yaliyotawanyika, kila moja likiwa limesimama mahali panapotakiwa na mwenzake, kazi hiyo humtoa mtu jasho.

Mchezaji hupewa mabehewa yake na mahali pa kuyapeleka, halafu huhesabiwa dakika. Mara nyingi wauchezao mchezo huu huifanya injini iende mwendo mmoja tu wa polepole, asije mtu akashinda kwa haraka ya mkono. Anayeshinda ni yule aliyezidiwa na mwenzake kwa hatua, yaani aliyetumia chache zaidi. Wacheza bao watanielewa upesi. Bao lina mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, wala hapana kinachofichwa. Kila kitu kiko mbele ya macho ya wote wawili, na bado mmoja huona na mwingine haoni.

Nilipoisoma ramani hii mara ya kwanza niliiona rahisi. Nikachukua boksi la kadibodi, nikakata vipande vya njia, nikavipanga sakafuni, na mahali pa mabehewa nikaweka viberiti. Kiberiti kimoja nilikipaka wino mwekundu, kikawa injini. Nikawaita wapwa zangu wawili waliorudi madrasa, nikawaeleza masharti: kiberiti hakiruki, hakiinuliwi, na hakiendi popote ila kimeguswa na injini. Wakaanza. Kabla sijamaliza kikombe changu cha chai walikuwa wamekwisha, wakataka kwenda kucheza mpira.

Nikaona haya. Nikaitazama tena kazi yangu na kuona kosa. Kwa ukarimu wa fundi asiyejua, njia ya mzunguko nilikuwa nimeifanya ndefu, inaenea viberiti vinne bila kubanana. Mchezaji alikuwa akivuta alichonacho chote, akikiweka hapo, na kuzunguka. Hapakuwa na haja ya kufikiri. Ilikuwa kama kumwambia mtu atunge shairi bila vina wala mizani, kisha umsifu kwa kumaliza upesi.

Nikaikata mpaka ikaenea viberiti viwili tu. Na ncha za mstari mrefu, ambazo nazo nilizifanya ndefu, nikazikata kwa hasira mpaka zikawa fupi mno. Mara hii hapana aliyeweza kufanya lolote. Ukitazama kidogo utajua kwa nini. Injini ikitaka kuingia katika kijia lazima kwanza ivuke pointi yote pamoja na kile inachokivuta, ndipo pointi igeuzwe na irudi. Ncha ikiwa haitoshi injini pamoja na behewa moja, basi kijia kile kimefungwa daima. Kipo kwa macho tu.

Jioni nzima ilinipita katika kukata na kuunga kwa gundi. Na hapo ndipo nilipoelewa kuwa ustadi wa Bwana Allen haukuwa katika kuchora njia, kwani mtoto wa darasa la tatu huweza kuzichora. Ustadi ulikuwa katika urefu wa kila kipande. Zidisha nafasi ya behewa moja mahali fulani, na fumbo lote linamwagika. Punguza nafasi ya behewa moja mahali pengine, na mlango umepigwa kufuli. Sisi tuliolelewa katika mizani nane kwa nane tunajua hali hiyo. Mshororo ukikosa mizani moja sikio hukataa, ukizidi moja sikio hukataa, na ndani ya ule ubano ndimo mtunzi anamolazimika kulitafuta neno ambalo asingelitafuta kama angekuwa huru. Hilo ndilo jibu langu kwa walioniuliza mwanzo.

Bwana Allen hakupata muda wa kuona ubao wake ulivyoenea. Miezi miwili tu baada ya kuchapishwa kwake, tarehe 6 Januari 1973, ule moyo aliokuwa nao tangu utotoni ulimshinda, akafa nyumbani kwake Monterey. Alikuwa na umri wa miaka 59. Ile reli kubwa, aliyoijenga kwa takriban miaka ishirini, ilikuwa haijakamilika.

Na yaliyofuata ni mazito zaidi. Siku kumi baada ya kifo chake moto ulizuka katika kile chumba cha chini. Milima ya plasta, madaraja, ule mji wa bandari, na ile meza ndogo ya mwaka arubaini na sita iliyokuwa katikati, karibu yote yaliteketea. Vilivyookolewa ni vichache. Mwenyewe alikuwa amelala kaburini, hakuona. Waliyaona marafiki zake, na katika habari zote za mtu huyu hakuna mahali ninapowahurumia watu kama hapo.

Picha zilibaki, kwa sababu alikuwa amezipiga nyingi na zilikuwa zimetawanyika magazetini. Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa lile gazeti la Model Railroader, aliandika kitabu juu yake na kazi zake, nacho kikatoka mwaka 1981, mwandishi wake naye akiwa amekwisha kufariki mwaka mmoja nyuma. Kwa kitabu hicho watu ambao hawajazaliwa mwaka 1973 wanaijua Gorre & Daphetid kama walioitembelea.

Lakini picha ya mlima si mlima. Hapana awezaye leo kuiendesha reli ile. Ubao wa Timesaver, kwa upande wake, hauna cha kuungua. Mtu yeyote mwenye pointi tano na futi chache za reli anaweza kuufanya upya leo usiku, na utakuwa ule ule hasa, kwa kuwa uliotoka mikononi mwa Bwana Allen ulikuwa vipimo na masharti. Nikifikiri juu ya hayo hukumbuka mbao zetu za chuoni. Tuliandikiwa kwa wino, tukasoma mpaka tukahifadhi, kisha ubao ukaoshwa ili uandikwe mwingine. Kilichooshwa hakikupotea.

Uingereza nako mtu mmoja, Alan Wright, alitengeneza mchezo wa namna hii ulio mdogo zaidi, akauita Inglenook Sidings. Una pointi mbili tu, na hauna njia ya mzunguko, kwa maana vijia vyake vyote vinaelekea upande mmoja. Kijia kimoja kinaenea mabehewa matano, viwili vilivyobaki vinaenea matatu kila kimoja, na ile ncha ya kuvutia inaenea injini na mabehewa matatu. Mabehewa yote ni manane. Mchezaji huchaguliwa matano kwa bahati nasibu, naye atakiwa ayapange kwa utaratibu ule ule yalivyotajwa. Ukipiga hesabu utaona treni za namna hiyo zaweza kuwa 6,720 zisizofanana. Nimeucheza nao, na kwa nyumba isiyo na nafasi naupendekeza kuliko wa Bwana Allen. Una upole fulani. Ule wa Mmarekani hukubana shingo.

Nao una wapinzani. Wako wajuzi wa reli ndogo wasemao kuwa Timesaver umewaharibu watu, kwa kuwa mtu huuchukua ubao ule kama ulivyo, akaupachika majumba na miti, akaita kituo cha reli, hali hapana mhandisi duniani awezaye kujenga kituo kama hicho. Mhandisi wa kweli hupanga njia zake ili kazi iwe nyepesi. Maneno hayo niliyasoma nikayaona ni ubishi wa watu wenye nafasi, mpaka siku moja nilipokuwa nimeweka kadibodi yangu barazani baada ya alasiri, akapita mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye ujana wake wote aliumaliza katika reli, akifanya shanti.

Mzee huyu huniita mwanangu, ingawa na mimi kichwa kimekwisha kuingia mvi. Alisimama, akainama akaitazama ramani, akaniuliza ni kituo gani. Nikamweleza. Uso wake ukabadilika. Akakaa, akaniambia kwa utaratibu, bila kupandisha sauti, kuwa aliyechora njia hizi hakuwahi kusimama katikati ya mabehewa mawili usiku wa mvua. Katika kazi yao kila hatua moja ilikuwa na mtu ndani yake. Behewa haliungwi wala halifunguliwi peke yake. Kuna kijana anayeingia pale kati, taa mkononi, na dereva hamwoni. Aliwajua waliopotea vidole, na alimjua mmoja aliyepoteza zaidi ya vidole. Hatua ishirini mahali pa hatua sita ni kumwingiza kijana yule pale kati mara kumi na nne bila sababu. Kuifanya hiyo kuwa raha ya watu waliokaa vitini, yeye hakuiona haki.

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia tu kwamba Bwana Allen hakuusingizia ubao wake kuwa kituo, aliuita jina la mchezo, na reli yake yenyewe ilikuwa nyingine. Nilimwambia pia kuwa alikuwa mgonjwa wa moyo tangu utoto, mtu ambaye kazi ile ya katikati ya mabehewa asingeiweza hata siku moja. Mzee alinyamaza. Sijui kama lilikuwa jibu. Mpaka leo naona pande zote mbili zina haki yake, na yule mzee ana haki zaidi.

Lakini hakuondoka. Alikuwa bado ameitazama kadibodi. Baada ya muda akanyoosha kidole, akakisogeza kiberiti kimoja nyuma, akakiacha katika njia ya mzunguko, akakizungusha kile chekundu. Akakwama. Akarudisha vyote vilivyokuwa, akaanza upya kwa upande wa pili. Kahawa niliyomletea ilipoa. Watoto wakasogea, akawafukuza kwa mkono bila kuwatazama. Adhana ya magharibi ilipotoka ndipo alipoinuka, akavikusanya viberiti vyangu sita pamoja na vile vipande vya kadibodi, akavitia mfukoni mwa kanzu kama vilivyo vyake.

Kesho yake alfajiri, tukitoka msikitini, alinivuta kando akanipa karatasi iliyokunjwa. Alikuwa amezichora hatua zote kwa kalamu ya risasi, hatua tatu pungufu ya zangu. Akasisitiza kwamba hata hivyo ni kituo cha kijinga. Viberiti vyangu hajavirudisha.